Muulize Shangazi: Waridi limetoka baridi ya Naivasha, likifika Mombasa linazimia

Mwezi huu meseji za maua zimenijaa, sijui ni msimu wa harusi ama ni nini, basi nimeona maswali ya waume na mawifi nitayaweka kando kidogo nijibu haya. Mimi mwenyewe nimefunga maua tangu enzi tukipamba kumbi kwa karatasi za krepe na ribini, na hasara nimezila nyingi, nyingine ntawasimulia humu humu.

Shikamoo shangazi. Niko Kisauni, nafanya mapambo ya harusi, sio makubwa, ndio naanza. Juzi nilipata odaa ya harusi Bamburi nikaagiza mawaridi 200 kutoka Nairobi, yakaja na basi la usiku, nikayapokea saa kumi na mbili asubuhi wallahi yako mazuri. Nikayatia kwenye ndoo za maji jikoni, saa nne nikaenda kupamba. Kufika saa tisa vichwa vimelala vyote kama watu wanaosinzia kwenye hotuba, na bi harusi hajafika. Mamake aliniangalia jicho ambalo mpaka leo naliona. Nilikosea wapi?

Marahaba mwanangu, na pole, hilo jicho nalijua.

Kwanza ujue ulichopokea ni mgeni aliyechoka. Waridi lile limelelewa Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya bahari, usiku kule ni sweta na blanketi. Likikatwa linatiwa chumba cha baridi, alafu linafungwa kwenye boksi kavu bila tone la maji, linapigwa kilomita kama 480 ndani ya buti la basi na mizigo ya watu, mlango ukifunguliwa Mombasa linakutana na joto letu hili na unyevu wa bahari. Ua limekatwa lakini liko hai, linapumua, na kadiri joto linavyopanda ndivyo linavyopumua mbio na kuzeeka mbio. Kwa hivyo ule uzuri uliouona asubuhi ulikuwa ni akiba ya baridi ya njiani, ilikuwa inaisha pale pale mkononi mwako.

Sasa kichwa kulala. Shina likikatwa na kukaa kavu linavuta hewa, zile njia zake za maji zinaziba, ukilitumbukiza kwenye ndoo vile vile lilivyo linakunywa kidogo sana ama halinywi kabisa. Na wewe ukalipa saa nne tu, tena jikoni. Ua halikufa mwanangu, lilikuwa na kiu na koo limeziba.

Siku nyingine yakifika usiyapambe siku hiyo. Kama harusi ni Jumamosi maua yawe mkononi mwako Ijumaa asubuhi, ama hata Alhamisi. Fungua boksi, kata kila shina sentimita 2 au 3 kwa mshazari, na ukate shina likiwa ndani ya beseni la maji ili lisivute hewa tena, na utumie kisu kikali, sio ule mkasi wa jikoni wa kukatia unga manake ule unaponda shina badala ya kulikata. Majani yote yatakayozama kwenye maji yatoe, yakioza humo yanazaa bakteria na bakteria ndio wazibaji wakubwa. Ndoo iwe safi. Mimi huwaambia wasichana wangu, ndoo kama huwezi kuinywea maji na ua pia usilinyweshe. Maji ya kwanza yawe vuguvugu, yanapanda haraka kwenye shina, alafu ndoo zipeleke chumba chenye giza na ubaridi, feni isipige moja kwa moja, ziache saa 4 kwenda juu, usiku kucha ndio bora.

Dawa ya maji usinunue kama huna pesa. Kwa lita 1, sukari kijiko kidogo 1, maji ya ndimu vijiko vidogo 2, na matone machache ya Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Sukari ni chakula, ndimu inafanya maji yapande vizuri, Jik inaua bakteria. Usizidishe sukari ukadhani unalipenda ua, utakuwa unawapikia bakteria. Badilisha maji kila siku, kwa joto hili siku mbili ni mingi.

Na hapo jikoni kwako palikuwa na nini? Naomba usiniambie ndizi. Matunda yanayoiva hutoa gesi inaitwa ethilini, haina rangi na huwezi kuinusa, ndiyo inayoivishana ndizi kwenye kapu, na ua nalo ikilifikia linajiona limeiva, linazeeka. Mimi mwaka mmoja nilikuwa na karanesheni za shughuli ya kanisa, nikazitia kwenye friji ya nyumbani nikajiona mjanja kweli, kumbe droo ya chini imejaa maembe. Asubuhi zote zimejikunja kwa ndani kama ngumi ya mtoto mchanga. Karanesheni kwa hiyo gesi ndio dhaifu kupita kiasi. Nilizunguka mji mzima kutafuta nyingine na faida yote ikaishia kwa dereva wa tuktuk.

Ikitokea tena yamelala na huna muda, yakusanye kama 10 hivi, yafunge kwa gazeti vizuri vichwa vikiwa vimesimama wima, kata tena chini, yasimamishe kwenye maji mengi ya vuguvugu yafike karibu na shingo, uyaache saa 2. Mengi yatainuka. Sio yote.

Alafu ukumbini meza ya maharusi pamba mwisho kabisa, na zile petali za nje zenye rangi ya kijani au michubuko usizitoe mapema, zile ni koti lake la njiani, zitoe ukiwa ushafika.

Shangazi mimi nauza mabukee Nyali na Tudor, odaa napata lakini mwisho wa mwezi sioni pesa. Bukee la mawaridi 25 nauza 1,500 na delivari ndani. Waridi moja nanunua 20, kwa hivyo 25 ni 500, si napata 1,000? Pesa inaenda wapi?

Inaenda pale pale kwenye hesabu yako dadangu. Nimechukua namba ulizonitumia nikazipiga upya na kalamu.

Unanunua fungu la 20 kwa 400, unaleta mafungu 10, hiyo ni 4,000. Basi unalilipa 600, tuktuk kutoka stejini 300. Ushafika 4,900, na hapo waridi moja si 20 tena, ni 24.50. Umesema mwenyewe katika 200 huwa yanavunjika ama kuharibika kama 30, na hayo 30 hakuna mteja anayeyalipia, yanalipiwa na wenzake 170 waliobaki, sasa waridi moja lakaribia 29. Mawaridi 25 ni kama 720. Karatasi na ribini 200, majani ya kujazia 100, bodaboda 250. Jumla 1,270. Umebaki na 230, na umelifunga hilo bukee saa nzima, umepiga picha, umejibu maswali ya mteja WhatsApp kumi na tano, hujalipa stima wala kodi wala bando. Ile 1,000 haijawahi kuwepo.

Watu wengi wa kazi hii huzidisha bei ya maua mara 3, vifaa kama karatasi na ribini mara 2, na usafiri unakaa peke yake nje. Kwa bukee lako: 720 mara 3 ni 2,160, vifaa na majani 300 mara 2 ni 600, jumla 2,760, alafu delivari 250 yake. Najua ushashtuka, najua utasema shangazi hapa ni Mombasa sio Karen ya matajiri wa Nairobi, nani atatoa 3,000. Sawa. Basi usiteremshe bei, teremsha maua. Mawaridi 12 ni kama 350, mara 3 yaja 1,050. Karatasi na ribini 200 mara 2 ni 400. Majani usinunue, kata ya mnazi na kroton na yale mapana uliyonayo uani. Hiyo ni 1,450, iuze 1,500 delivari ikilipiwa kando, na ukilifunga kwa mpangilio mzuri, ua moja juu jingine chini, sio yote yamebanana kama abiria wa feri ya Likoni saa kumi na mbili, mteja hatahesabu.

Na ile delivari ya bure iondoe leo. Andika kwenye stetasi, kuanzia tarehe fulani delivari ni ya mteja. Wachache watanung'unika, waache wanung'unike.

Fungua till ya biashara ya M-Pesa pesa ziingie huko, zisichanganyike na pesa ya unga na ada za watoto. Na ukifika mauzo ya milioni 1 kwa mwaka kuna ile kodi ya mauzo ya asilimia 3 ya KRA, ujue mapema isije ikakukuta na bei za 230 faida.

Assalaam alaikum. Bibi yangu pale Mji wa Kale ana miti ya asumini na mlangilangi uani, zamani akitunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, akiuza, sa hizi maua yanaanguka tu tunafagia. Je mtu anaweza kufanya biashara na asumini ama watu wote washahamia mawaridi ya boksi?

Waalaikum salaam mwanangu, yani hili swali limenikosha roho. Mnafagia pesa!

Hebu fikiria, waridi la boksi halina hata harufu, mengi yanayolimwa ya kusafirishwa yamechaguliwa kwa shina refu na kukaa siku nyingi, harufu ikaachwa nyuma. Sasa mwanamke wa hapa na ua lisilonukia, wapi na wapi? Bi harusi siku ya hina anataka koja, anataka kikuba kwenye kanga, anataka chumba kinukie mpaka mtu akipita mlangoni ageuke. Hilo Naivasha hawawezi kulileta kwenye boksi.

Asumini ina siri yake na bibi yako anaijua, muulize angali yupo. Inachumwa alasiri ingali vitumba, havijafunguka, vyeupe vimefumba, kwa sababu inafunguka jioni na usiku ndio inatoa harufu. Ukiichuma asubuhi imefunguka ushachelewa, hiyo ni ya kufagia kweli. Ukichuma tandaza juu ya kitambaa kibichi ama jani la mgomba, usiitie kwenye mfuko wa kufunga itatoka jasho iwe rangi ya kahawia, na usiitie friji la baridi kali manake maua ya nchi za joto baridi inayachoma. Waridi linataka baridi, asumini haitaki, usiyachanganye malezi. Tunga kwa sindano na uzi vingali vimefumba, mteja akivaa saa mbili usiku vinamfungukia shingoni, na bei yako hapo ndio inajieleza.

Mti nao uhudumie. Asumini inatoa maua kwenye vichipukizi vipya, kwa hivyo ipunguze matawi, usiogope, jua kali inalipenda, na ukitaka miti zaidi kata vijiti visivyo vichanga sana wala vikongwe uvichomeke kwenye mchanga wenye unyevu. Hapo ndani ya mwaka uani kwenu kushajaa asumini. Ua hili hili Ufilipino wamelifanya ua la taifa tangu 1934, sisi tunalifagia.

Mlangilangi nao usiudharau, jamaa zetu wa Komoro wanaishi kwa huo, mafuta yake yananunuliwa na watengeneza manukato wa Ufaransa. Sikwambii ukamue mafuta, nakwambia ua moja la mlangilangi, mrehani kidogo, petali za waridi la nyumbani, vitumba vya asumini, na mkadi, lile ua la pwani linalonukia, ukiupata, hicho ni kikuba cha kumfanya mtu akutafute wiki ijayo. Anza na wapambaji wa bi harusi na wapaka hina, hao ndio wanaoshika wateja, wape mara ya kwanza kwa bei nzuri. Hoteli za ufukweni pia, mgeni akipokewa na koja la maua halisi badala ya plastiki hiyo picha anapiga pale pale mlangoni. Lakini hoteli wanalipa polepole, nakuonya.

Mimi ni kijana wa kiume, Likoni. Napenda sana kupanga maua lakini marafiki wananicheka ati ni kazi ya kina mama. Nifanyeje?

Wacheke. Kule Kyoto, Japani, ufundi wa kupanga maua wanaouita ikebana ulikuzwa na makasisi wa hekaluni, wanaume tupu, zaidi ya miaka 500 iliyopita. Na kazi hii ni kubeba ndoo za lita 20, kupanda ngazi, kukunja waya mpaka vidole vitoke damu, kupakua boksi alfajiri. Mwambie huyo anayekucheka aje siku moja akusaidie kupakua.

Shangazi, ile sponji ya kijani inayoshikilia maua, mimi naizamisha kwenye maji lakini maua yanakauka upande mmoja. Alafu nimeambiwa ni mbaya kwa mazingira. Kuna kingine?

Unaizamisha kwa mkono, ndio kosa. Iweke juu ya maji uiache izame yenyewe taratibu, ukiisukuma hewa inabaki katikati kavu na shina likiangukia hapo kwenye hewa halinywi kitu. Na tundu ukishachoma usichomoe ukachoma tena mahali pale pale. Ikishakauka haifai tena, usiiweke ati utatumia harusi ijayo.

Na ni kweli, ni plastiki ile, haiozi, inasagika ikawa unga, ule unga unaishia baharini tunakovua. Mimi sa hizi natumia waya wa kuku, naukunja kama mpira nautia ndani ya bakuli, nafunga kwa selotepu juu, maji ndani, maua yanapita kwenye matundu. Unanunua mita chache duka la hadiwea, unaosha, unatumia tena na tena. Ubaya wake mmoja, ukibeba kwenye gari maji yanamwagika, kwa hivyo maji tia ukifika.

Kuna miezi siuzi hata ua moja alafu kuna miezi nalala saa nane usiku. Hii biashara ni ya bahati?

Ni ya kalenda. Na sisi hapa tuna kalenda mbili, ubandike zote ukutani. Ile ya Kiislamu inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hivyo usiseme harusi ni Aprili kwa sababu mwaka jana zilikuwa Aprili. Shabani harusi zinabanana watu wakikimbia Ramadhani, Ramadhani yenyewe utakaa, Mfunguo Mosi zinafumuka tena. Hii nyingine ina 14 Februari, ina siku ya kina mama Jumapili ya pili ya Mei, ina Agosti na Desemba harusi za kanisani. Na kuna Diwali, Oktoba ama Novemba, ambayo wengi mnaisahau na Wahindi tunaishi nao mtaa mmoja, wao wanataka makoja ya marigoldi, yale maua ya rangi ya chungwa, na marigoldi hata kwenye ndoo bovu inaota, siku 60 hivi ushaona maua.

Februari bei ya waridi inapanda sana, usikope ukajaza stoo kwa kudhani Mombasa nzima imependana. Chukua pesa za wateja kwanza, agiza kwa idadi.

Miezi mikavu tafuta mteja wa kila wiki. Saluni, kliniki, ofisi za kule Nkrumah Road, mlango wa hoteli ndogo. Wape helikonia, anthuriamu, majani ya mnazi, vitu vya joto letu ambavyo vinakaa wiki na zaidi bila kuomba baridi. Mteja 1 wa kila Jumatatu ni bora kuliko harusi moja ya kukutoa roho.

Harusi imevunjika siku tatu kabla na maua nishaagiza. Familia inataka arubuni yao. Niwarudishie?

Mliandikiana? Kama hamkuandikiana hapo ni utu wenu tu, kaeni mgawane hasara, manake ule msiba ni wao pia, kumbuka kuna msichana analia chumbani.

Siku nyingine nusu ichukue siku ya kukubaliana, na uandike kwa meseji kabisa kwamba hairudi, nusu ya pili siku 7 kabla ya shughuli, na huagizi hata ua moja kabla haijaingia. Asiyelipa kwa wakati huna kazi naye. Tena usiseme kwa simu, andika, simu haina ushahidi.

Na hayo maua usiyaache yaoze ukiwa umenuna. Yafunge mabukee madogo ya 300 ukayauze jioni pale ufukweni Mama Ngina watu wakienda kupunga upepo, pata chako unachopata.

Walioniuliza kuhusu okidi na kuhusu leseni ya kaunti nimewaona, nafasi imeniishia, toleo lijalo inshallah. Yule wa Mikindani aliyenitumia picha ya bukee lake akauliza lina kasoro gani, halina kasoro mwanangu, ila hiyo ribini ya zambarau itoe.